Kibanda umiza siku ya mechi ya mwisho ya kundi: kiingilio chako kinanunua nini?

Kwa anayeuza huduma ya kuonyesha mpira, raundi ya mwisho ya makundi ni mtihani mgumu kuliko fainali. Fainali ni mechi moja, skrini moja, na mshindi lazima apatikane. Raundi ya mwisho ni mechi mbili za kundi moja zinazoanza kwa pamoja, na sare ya huku inaweza kukuvusha au kukurudisha nyumbani kutegemea kinachotokea kule. Tathmini hii inapima kibanda umiza (banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio), baa na simu kwa kigezo kimoja tu: ikifika dakika ya 80 ubao unasoma 1-1, mtazamaji anajua sare hiyo ina thamani gani?

Jibu letu ni hili. Kibanda chenye ving'amuzi viwili na ubao wa msimamo kinawashinda wote, tena kwa bei ndogo. Kibanda chenye king'amuzi kimoja kinapitwa na simu ya mkononi. Ukiwa mlangoni huwezi kutofautisha viwili hivyo kwa macho, kwa hiyo kuuliza ni lazima.

Utaratibu wa kuanza mechi mbili kwa wakati mmoja ulikuja kwa sababu ya Waafrika. Kombe la Dunia la 1982 Algeria walimaliza mechi zao za kundi siku moja kabla ya wenzao. Juni 25 mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua kwamba Wajerumani wakishinda kwa goli moja au mawili, wote wawili wanapita. Goli likafungwa mapema, mpira ukapigwa pasi za kujipoteza hadi filimbi ya mwisho, Algeria wakatolewa. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu skrini ya pili si anasa.

Hesabu ya Desemba 30

Kipimo kizuri cha huduma hii ni jioni ya Desemba 30, 2025, Kundi C la AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) iliyofanyika Morocco. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, walicheza na Tunisia mjini Rabat, huku Uganda na Nigeria wakiwa Fez. Makundi A na B yalikuwa yamefungwa siku iliyotangulia. Kwenye makundi D, E na F, yeyote ambaye angeshika nafasi ya tatu alikuwa na uhakika wa angalau pointi 3. Washindwa bora, yaani timu za nafasi ya tatu, wanaopita ni wanne kati ya sita, kwa hiyo kwa watu wa A, B na C ilibaki nafasi moja tu. Yote haya yalijulikana kabla ya mpira kuanza, na mwenye kibanda makini angeweza kuyaandika kwa chaki mchana wake.

Angola, wa tatu Kundi B: pointi 2, magoli ya kufunga 2, ya kufungwa 3. Comoro, wa tatu Kundi A: pointi 2, hawajafunga hata goli moja, wamefungwa 2. Tanzania: pointi 1, baada ya kufungwa 2-1 na Nigeria na kutoka 1-1 na Uganda. Ile ya Uganda Simon Msuva alifunga kwa penalti, Uche Ikpeazu akasawazisha, kisha Allan Okello akapaisha penalti ya mwisho iliyokuwa ituzike.

Sasa tazama matokeo ya jioni ile yangefanya nini. Stars wakifungwa, pointi inabaki 1, safari imekwisha. Wakitoka suluhu (0-0), wanakuwa na pointi 2, magoli 2 ya kufunga na 3 ya kufungwa. Hapo wanalingana na Angola kila kitu: pointi, tofauti ya magoli na magoli ya kufunga. Wakitoka 1-1, pointi 2, magoli 3 kwa 4, tofauti ileile ya kasoro moja, ila goli moja zaidi la kufunga. Tunisia walitangulia kwa penalti kabla ya mapumziko, Feisal Salum akasawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, 1-1 ikasimama. Tanzania ikaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Ukiziweka timu tatu hizo pamoja jambo linakuwa wazi. Zote zilikuwa na sare mbili na kipigo kimoja. Sare za Comoro zilikuwa suluhu zote mbili. Za Angola, moja 1-1 na moja suluhu. Za Tanzania, 1-1 zote mbili. Anayesema sare ni sare tu hajaliona jedwali hili.

Na skrini ya pili ilikuwa ya nini? Uganda. Nao waliingia na pointi 1. Wangeifunga Nigeria, ambayo tayari ilikuwa imejihakikishia kuongoza kundi na ilibadilisha wachezaji wengi, wangefika pointi 4 na kuchukua nafasi ya tatu, na sare ya Stars na Tunisia isingekuwa na maana yoyote. Nigeria ilishinda 3-1. Aliyekuwa akitazama Rabat peke yake alishangilia au kununa bila kujua kwamba nusu ya hatima yake iko Fez.

Vifaa: hapa ndipo vibanda vingi vinapoanguka

Kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote ni skrini mbili zilizounganishwa kwenye king'amuzi kimoja. Kifaa cha kugawa waya wa HDMI kinanakili picha ileile kwenye runinga zote, hakikupi chaneli ya pili. Ukiona runinga mbili ukutani usihitimishe. Uliza: "Kaka, ving'amuzi ni vingapi, na vyote vina kifurushi chenye hizi chaneli?" Akianza kuzunguka, ujue ni kimoja. Uliza pia kama kifurushi kimelipiwa. Kulipia dakika kumi kabla ya mechi siku ambayo nchi nzima inalipia ni kujitafutia balaa, maana kufunguka kwa chaneli kunaweza kuchelewa na kipindi cha kwanza kikapita mnasoma maandishi ya kosa.

La pili ni mvua. King'amuzi cha dishi hupoteza mawimbi mvua kubwa inaposhuka, hasa kama dishi lilifungwa kwa haraka na kiwango cha mawimbi kilikuwa cha wasiwasi hata siku ya jua. Dawa ni kumwita fundi alipige shabaha upya kabla ya mashindano, akaze boliti, abadilishe viungio vya waya vilivyoshika kutu. Mwenye king'amuzi cha antena kama cha akiba anavuka mvua vizuri zaidi, mradi mashindano yanaonyeshwa huko.

La tatu, umeme. Jenereta wengi wanalo, na wanadhani yameisha. Umeme ukikatika, king'amuzi kinazimika. Jenereta likiwaka, kinaanza upya na kutafuta mawimbi, na hapo dakika mbili au tatu zimekwenda. Kwenye mechi ya sare dakika tatu hizo ndizo zenye goli. Suluhisho ni la bei nafuu: betri ya akiba ndogo, ile ya kompyuta ya mezani, ibebe ving'amuzi peke yake. King'amuzi kinakula umeme kidogo sana, kwa hiyo hata betri hiyo ndogo inakishikilia muda wa kutosha kuvuta kamba ya jenereta. Runinga ikiwaka picha iko palepale. Kibanda chenye kitu hiki kinastahili mteja wa kudumu, na bahati mbaya ni vichache.

Sauti: mechi kuu iwe na sauti, ya pili ibaki kimya. Vibanda vinavyofungulia zote mbili vinatoa kelele ambayo hakuna anayeisikia, na goli la skrini ya pili linapita bila mtu kugeuza shingo.

Viti ni mabenchi, joto ni joto, hilo linajulikana na jina lenyewe limeshasema. Kiingilio mara nyingi ni kati ya shilingi 500 na 1,000, na mechi kubwa hupanda. Hatuna ugomvi na bei hiyo.

Ubao

Kila kibanda kina ubao nje: mechi, saa, kiingilio. Tunachokitafuta ni ubao wa pili, wa ndani. Vibanda vinavyouweka vinafanya kazi ambayo mtangazaji mara nyingi haifanyi vizuri. Ubao mzuri una sehemu mbili. Kushoto msimamo wa kundi lenyewe: mechi, pointi, magoli ya kufunga, ya kufungwa. Kulia washindwa bora wa makundi yote sita, na mstari mnene chini ya yule wa nne.

Kinachoharibu mbao nyingi ni kutumia kanuni moja pande zote mbili. AFCON, timu za kundi moja zikilingana pointi, kinachoangaliwa kwanza ni mechi iliyowakutanisha wenyewe, halafu ndipo tofauti ya magoli ya mechi zote. Washindwa bora hawajakutana, kwa hiyo kwao ni pointi, kisha tofauti ya magoli, kisha magoli ya kufunga. Mwandishi wa ubao asiyelijua hili atawapangia watu msimamo wa uongo, na ubishi utakaozuka hautakuwa na mwisho kwa sababu kila upande una namba zake.

AFCON iliyotangulia, ile ya Ivory Coast, Zambia na Tanzania walimaliza na pointi 2 kila mmoja. Walikuwa wametoka 1-1 wenyewe kwa wenyewe, Msuva akitangulia kufunga na Patson Daka akisawazisha dakika ya 88 Zambia wakiwa pungufu. Mechi ya wawili haikuamua, ikaenda kwenye tofauti ya magoli: Zambia kasoro moja, Tanzania kasoro tatu. Magoli matatu ya Morocco kwenye mechi ya kwanza, ambayo wengi walikuwa wameshayasahau, ndiyo yaliyoiweka Tanzania mkiani.

Ubishi wenyewe, na jinsi kibanda kinavyoubeba

Wateja wa kibanda siku ya timu ya taifa ni wa aina mbili. Kuna wa msimu, anayekuja bendera inapopepea, na kuna kindakindaki anayejua hata mfungaji wa mechi ya kufuzu. Ubishi wao juu ya sare ni sehemu ya huduma, na tunaupa alama kama tunavyozipa skrini.

Wa msimu ana hoja nzito kuliko anavyopewa heshima. Akisema "mmeshangilia sare, mmeshinda ngapi?" namba ziko upande wake. Tanzania imecheza AFCON nne: 1980, 2019, 2023 (iliyochezwa 2024) na 2025. Mechi 13, vipigo 8, sare 5, ushindi hakuna. Kuvuka kundi kwa sare mbili hakufuti safu hiyo, na kindakindaki anayemjibu kwa dharau anakosea. Mechi ya 16 bora dhidi ya Morocco iliisha 1-0, goli la Brahim Díaz, na swali la lini tutashinda likabaki palepale.

Anapoteleza wa msimu ni pale anapodhani sare moja ina maana moja kwa timu zote mbili. Januari 24, 2024, mjini Korhogo, Tanzania na DR Congo walitoka suluhu. Suluhu hiyohiyo iliwarudisha Stars nyumbani na kuwapa Congo nafasi ya pili wakiwa na pointi 3 za sare tatu. Congo wakaendelea kwa Misri, 1-1, wakashinda kwa matuta (penalti za kuamua mshindi) 8-7, kipa Lionel Mpasi akipiga la mwisho yeye mwenyewe, na wakafika nusu fainali. Misri upande wao walitoka 2-2 mara tatu kwenye kundi, kisha hiyo 1-1. Wakafunga virago bila kushinda wala kufungwa ndani ya muda wa mchezo hata mara moja.

Kindakindaki naye ana ugonjwa wake: anaitetea kila sare. Timu ikijifungia nyuma dakika 90 na kutoka suluhu mechi ya kwanza, atakuambia ni pointi ya dhahabu. Historia haiko naye. Kombe la Dunia la 1982 Cameroon hawakufungwa: suluhu na Peru, suluhu na Poland, 1-1 na Italia. Italia nao walitoka sare zote tatu, lakini mbili zilikuwa za 1-1. Cameroon goli 1, Italia magoli 2. Italia ikapita kwa goli hilo na kwenda kuchukua kombe, Cameroon ikarudi nyumbani. Tangu hapo mpaka Angola wa 2025 hesabu haijabadilika. Suluhu mbili ndani ya kundi moja ni hatari, hata kama ulinzi ulipendeza.

Ubao unapokuwa ukutani mabishano haya yanakuwa darasa. Mzee wa benchi la mbele ananyoosha kidole, kijana anahesabu, na dakika ya 75 kibanda kizima kinajua kama kocha afunge mlango au atoe beki aingize mshambuliaji. Ubao usipokuwepo, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Kwa tathmini yetu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya kibanda na kibanda.

Ubishi mmoja unaojirudia tuumalize hapa: matuta. Mechi iliyoamuliwa kwa matuta huandikwa sare kwenye rekodi. Mshindi anavuka tu. Kwenye viwango vya FIFA mshindi wa matuta huhesabiwa 0.75 badala ya 1, na aliyeshindwa hupewa 0.5, sawa na aliyetoka sare. Na sare yenyewe haina bei moja. Timu iliyozidiwa pointi 300 za viwango hutarajiwa kupata 0.24 kwenye mechi hiyo. Ikitoka sare inapata 0.5, yaani ziada ya 0.26. Kwenye makundi ya AFCON, ambako ziada hiyo huzidishwa kwa 35, inaongeza takribani pointi 9, na mkubwa anapoteza hizohizo. Sare hiyohiyo kwenye kirafiki cha kalenda ya FIFA, kizidisho 10, inaleta kama 2.6. Kwa hiyo mkubwa anayekuambia 1-1 na mdogo "si mbaya" hajaangalia viwango vyake.

Baa na simu

Baa tunaipitia haraka. Runinga ni nzuri, viti vina mgongo, umeme una uhakika zaidi. Lakini chaneli ni ya mwenye baa, skrini ya pili mara nyingi iko kwenye ligi ya Ulaya au muziki, na ukiomba ibadilishwe unaambiwa wateja wengine wanaangalia. Ukinunua kinywaji kimoja kwa kila kipindi umeshalipa viingilio kadhaa vya kibanda. Kwa fainali, sawa. Kwa mechi mbili za kundi, hapana.

Simu ni mshindani wa kweli. Programu nyingi za matokeo zinaonyesha msimamo wa kundi unaobadilika kila goli linapoingia, na hiyo ni nguvu ambayo ubao wa chaki hauna. Fungua kurasa mbili kabla ya mechi: ya msimamo wa kundi na ya washindwa bora. Hiyo ya pili si kila programu inayo, kwa hiyo ihakikishe mchana. Isipokuwepo, andika mwenyewe kwenye karatasi. Kisha jaribu kama programu inapanga kwa kanuni ya AFCON: tafuta kundi la zamani lenye timu mbili zilizolingana pointi uone kama aliyeshinda mechi yao ndiye aliye juu. Kama sivyo, usiiamini dakika za mwisho.

Kuangalia mechi yenyewe kwa simu ni habari nyingine. Kwa ubora wa kati mechi moja inaweza kula zaidi ya GB 1, na picha ya intaneti huchelewa nyuma ya ya dishi. Ukikaa karibu na kibanda utasikia goli kabla hujaliona. Zima arifa za programu ya matokeo, maana nazo huwahi kuliko picha, na hakuna kinachouma kama kuambiwa na mtetemo kwamba Fez kumeingia goli wakati unasubiri kona ya Rabat.

Mpangilio tunaoupendekeza ni kibanda chenye ving'amuzi viwili, na simu mfukoni kwa ajili ya jedwali la washindwa bora pekee. Fika nusu saa kabla. Kaa pembeni kidogo ya katikati, mstari wa tatu au wa nne, ambako shingo inafika skrini zote mbili bila mwili kugeuka. Benchi la mbele linakupa mechi moja tu.

Alama zetu kati ya kumi, kwa siku ya mechi ya mwisho ya kundi: kibanda chenye ving'amuzi viwili na ubao wa ndani, tisa, chenye ving'amuzi viwili bila ubao, sita, simu peke yake, sita, baa, tano, kibanda cha king'amuzi kimoja, nne. Kibanda cha kwanza kinapoteza alama moja kwa ajili ya joto, na mafeni mawili ya ukutani yangeirudisha.

AFCON ya 2027 itachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na tiketi za uwanjani hazitamtosha kila mtu. Kwa mwenye kibanda anayeanza kuweka akiba sasa, mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza king'amuzi cha pili, halafu betri ya akiba, halafu ubao na chaki, kisha feni. Skrini kubwa ije mwisho.